Ujira wa Mgumu Kwanza

Saa moja na nusu asubuhi geti la Machame huwa limeshajaa. Magari yamejipanga chini ya miti, mabegi yameshushwa, na kwenye mzani wa hifadhi mizigo inapimwa mmoja mmoja. Siku ninayoikumbuka, watu kama ishirini walikuwa wanapiga picha mbele ya kibao cha geti, wamevaa fulana za rangi moja zenye picha ya mtoto aliyeshika daftari. Walikuwa wamekuja kupanda Kilimanjaro ili kuchangisha fedha kwa ajili ya shule za vijiji vya mlimani. Hatua chache kutoka pale, nje ya uzio, vijana na watu wazima wengi sana walikuwa wamekaa juu ya mawe wakisubiri kiongozi wa msafara awachague wakabebe mizigo. Wapo waliotoka nyumbani saa kumi alfajiri. Mmoja wao alikuwa baba yangu mdogo, na watoto wake wawili walikuwa wanasoma katika shule iliyotajwa kwenye bango la msafara ule.

Alichaguliwa. Akabeba begi la mtu aliyekuja kumsaidia mtoto wake.

Tangu siku ile siwezi kuungana na kauli ninayoisikia redioni, mikutanoni na hata barazani kwetu, kwamba matembezi ya hisani ni wema mtupu na anayeyahoji hana shukrani. Wanaosema hivyo si watu wabaya, na hoja zao nazijua kwa sababu niliwahi kuzitetea mwenyewe. Wanasema mgeni ameacha kwao, amelipa nauli, amepanda mpaka mita 5,895 akitapika njiani, na kila hatua yake imeleta shilingi ambayo isingekuja. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wanasema mpagazi amepata kazi, mtoto amepata dawati, na mgeni ameondoka na kumbukumbu, kwa hiyo aliyeumia ni nani?

Aliyeumia namjua kwa jina.

Aliporudi baada ya siku sita nilimkuta jioni amekaa kwenye benchi nje ya jiko, miguu ameitumbukiza kwenye beseni la maji ya moto yenye chumvi. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa umegeuka mweusi.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Habari za tangu juzi?"

"Nzuri. Mlima ulikuwaje?"

"Mlima hauna shida," akasema. "Shida ni bahasha."

Akanieleza taratibu, bila hasira, kama mtu anayesimulia hali ya hewa. Aliahidiwa shilingi 15,000 kwa siku, akalipwa 8,000. Chakula chao kilikuwa ugali mara moja kwa siku, jioni, na asubuhi chai isiyo na kitu. Walilala kwenye hema ambalo wageni walilitumia kulia chakula, kwa hiyo usiku iliwabidi wasubiri nje mpaka wageni wamalize kula na kuzungumza ndipo waingie. Kule Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele, hakuna maji. Maji ya mwisho kwenye njia hiyo yako bonde la Karanga, na kila tone la chai inayonywewa Barafu limepanda mgongoni au kichwani mwa mtu. Yeye alipanda na dumu la lita ishirini. Usiku wa mwisho, kambi ya Mweka, wageni waliimba na wapagazi, wakatoa hotuba, mmoja akalia kwa uchungu wa kuagana. Bahasha ya bahashishi akakabidhiwa mkuu wa msafara mbele ya wote. Ilipomfikia baba mdogo, baada ya kupita mikono ambayo hakuiona, ilikuwa shilingi 20,000.

Nikamuuliza kwa nini hakuwaambia wageni.

"Kwa lugha gani? Na nikishawaambia, kesho nani ataninyooshea kidole pale getini?"

Jibu lile ndilo lililonibadilisha. Mgumu, kama tunavyomwita mpagazi wa Kilimanjaro, mara nyingi ni kibarua wa kuchaguliwa. Hana mkataba wa kudumu na wala hajui kama wiki ijayo atapata safari. Anayelalamika leo, kesho atabaki kwenye mawe. Kwa hiyo mgeni mwema, hata awe na moyo mweupe kiasi gani, atapanda na kushuka akiamini kwamba kila mtu amefurahi, maana watu wote walioimba naye walikuwa na sababu ya kutomwambia ukweli. Picha zake zitaonyesha meno. Wala hatakuwa amedanganya mtu kwa makusudi.

Hebu tuzungumze fedha, kwa sababu hisani inayoogopa hesabu haijakamilika. Kwa viwango vya hifadhi vya miaka ya karibuni, mgeni asiye mkazi hulipa dola 70 za uhifadhi kwa siku, dola 50 kwa kila usiku wa kambi, na dola 20 za uokoaji. Kwa siku saba na usiku sita hiyo ni dola 810, kabla ya kodi ya ongezeko la thamani. Sizilalamikii fedha hizo. Hifadhi inahitaji askari, njia, vyoo na watu wa uokoaji. Lakini ziweke kando ya ujira wa mgumu. Kiwango ambacho watetezi wa wapagazi wamekidai kwa miaka mingi ni shilingi 20,000 kwa siku, na kwa siku saba ni 140,000, yaani dola hamsini na kitu. Katika gharama zote za safari ile, ukijumlisha ndege, hoteli, mahema na viatu, hakuna kitu kilicho rahisi kukilipa kikamilifu kuliko mtu. Na ndicho kinachokatwa kwanza. Ada ya hifadhi haina mjadala na mafuta ya gari hayana mjadala, lakini mgumu anajadilika, kwa sababu nje ya uzio kuna wengine wengi wanaosubiri.

Tena upo utaratibu ambao wachangiaji wengi hawaujui. Mshiriki analipa ada ya kujiandikisha, anaahidi kuchangisha kiwango fulani, kisha gharama za safari yake zinakatwa kutoka kwenye michango ile ile. Bibi mmoja huko Uingereza anatoa pauni kumi za pensheni yake akidhani ananunua madaftari, na sehemu ya pauni hizo inanunua hema la huyo mpandaji. Mashirika yaliyo waaminifu huyaandika haya wazi, na wapo wapandaji wanaojilipia kila kitu wenyewe kisha michango yote wakaipeleka inakotakiwa. Hao nawaheshimu, na kama wote wangefanya hivyo nusu ya makala hii isingekuwepo. Nusu nyingine ingebaki, kwa sababu hata anayejilipia safari hajaulizwa bado amemlipa nani kiasi gani.

Najua mfano utakaoletwa kunijibu, tena ni mzuri. Machi 2009 watu mashuhuri tisa wa Uingereza, wakiwemo Gary Barlow na Cheryl Cole, walifika kilele cha Uhuru kwa ajili ya shirika la Comic Relief. Zilipatikana zaidi ya pauni milioni 3 za kupambana na malaria. Sitamwambia mama aliyemlaza mwanawe ndani ya chandarua kwamba chandarua kile si kitu. Ni kitu. Hapa kwetu pia tuna Kili Challenge, iliyoanzishwa na mgodi wa dhahabu wa Geita mwaka 2002, ambayo kila mwaka hupandisha watu mlimani kuchangia mapambano dhidi ya UKIMWI, na fedha zake zimefanya kazi ya kweli. Lakini mifano hii inathibitisha nini? Kwamba watu wakiguswa hutoa. Haithibitishi kwamba mlima lazima upandwe kwa jasho la bei ya chini. Kadiri fedha zilivyo nyingi, ndivyo udhuru wa kumpunja mbeba dumu unavyokuwa mwembamba. Msafara unaochangisha mamilioni na kushindwa kuhakikisha kwamba watu wake wamelipwa, wamekula na wamelala pakavu, haujashindwa kwa umaskini.

Na hapa ndipo ninapotofautiana kabisa na wanaosema "bora kidogo kuliko hakuna." Ujira na hisani si chungu kimoja kwamba kikipungua hiki unaongezea kile. Ujira ni deni. Hisani ni ziada ya aliyekwisha kulipa madeni yake. Nyumbani kwetu, aliyekopa kwa jirani akashindwa kulipa kisha akaonekana anatoa mchango mkubwa kanisani, wazee humwita pembeni, na Waislamu wa kule Majengo mjini Moshi watakwambia walivyofundishwa juu ya kibarua na jasho lake lisilopaswa kukauka kabla ya malipo. Msingi huu hatukuletewa na mtu. Mtoto aliyelipiwa ada na mfadhili kwa sababu baba yake alipunjwa na msafara wa mfadhili huyo amepewa kilicho chake, halafu akafundishwa kusema asante.

Kuna neno jingine linalonichoma kwenye matangazo ya safari hizi: "vijiji vya mbali." Mbali na nani? Kutoka Marangu Mtoni mpaka Moshi mjini ni lami, kilomita kama arobaini, na daladala hazikauki. Machame ina lami, Kibosho ina lami. Miteremko ile ni miongoni mwa sehemu za vijijini zenye watu wengi zaidi nchini, kihamba, yaani shamba la ukoo, kimegusana na kihamba, mgomba na mgomba, kahawa chini yake. Wakulima wa hapo walianzisha chama chao cha kahawa mwaka 1925, wakajenga juu yake chama cha ushirika cha KNCU mwaka 1933, na Chuo cha Ushirika cha Moshi kilipofunguliwa mwaka 1963 hakikuanzishwa mahali pasipojua maana ya watu kuweka fedha pamoja. Ukiwaita watu hawa wa mbali unapata picha nzuri ya bango. Lakini unawafuta. Anayechangia hajui tena kwamba anazungumzia jamii yenye vikao, wahasibu, walimu na historia ndefu ya kujichangia. Anaona vumbi na tabasamu.

Umaskini upo, sikatai. Kahawa haina bei ya zamani, vihamba vimegawanywa mpaka vimekuwa vipande vya kuzikia tu, vijana wengi hawana kazi. Ila sababu zake si umbali. Chukua ukanda wa msitu tunaouita nusu maili, ulio kati ya vijiji na mlima. Ulitengwa mwaka 1941 ili wananchi wapate humo kuni, miti na majani ya mifugo. Mwaka 2005 uliingizwa kwenye Hifadhi ya Taifa. Ng'ombe wetu hawachungwi, wanafugwa ndani na kukatiwa majani, kwa hiyo mama aliyezoea kuingia mle na panga lake sasa anavuka mpaka wa hifadhi. Sababu za kulinda msitu zipo, kwani maji ya mifereji yetu na ya miji ya chini yanatoka huko. Lakini msafara wa hisani unapita katikati ya ukanda ule ule, kwa tiketi, kwenda kuchangisha kwa ajili ya mama yule yule, na sijawahi kuona bango linalomwambia mchangiaji jambo hilo.

Nimetaja mifereji. Kijijini kwetu upo mfongo, mfereji wa zamani kuliko Wajerumani, unaoshuka kutoka bondeni msituni na kupita kwenye vihamba kwa zamu. Siku ya kuusafisha inatangazwa, kila nyumba inatoa mtu na jembe, na asiyefika anatozwa faini. Zamani ilikuwa debe la mbege, pombe yetu ya ndizi, siku hizi mara nyingi ni fedha. Mfongo ukibomoka usiku wa mvua, asubuhi watu wako huko na mawe, udongo na magome ya migomba, kwa sababu kila mmoja anajua zamu yake ya maji ni lini na nani atamkasirikia. Miaka kadhaa iliyopita msafara mmoja wa hisani ulituachia tenki kubwa jeusi karibu na shule, juu ya nguzo za zege, na kibao cha majina ya waliochangia. Lilikuwa jambo jema. Koki ikavunjika kabla ya mwaka. Mwalimu mkuu akasema tenki si mali ya shule, ni la wafadhili. Kijiji kikasema ni la shule. Wafadhili hawakuwa na namba ya simu ya mtu yeyote kijijini zaidi ya kiongozi aliyewapandisha mlima. Koki mpya bei yake haizidi kuku mmoja. Tenki likakaa kavu misimu miwili ya mvua, na maji ya mfongo yakaendelea kupita mita hamsini chini yake.

Sisemi wageni wasijenge matenki. Nasema tenki lile halikuingia kwenye zamu, faini na kikao cha mtu yeyote, kwa sababu waliolileta walikuwa na siku moja ya kijiji kati ya siku tisa za safari. Hiyo siku moja ilitumika kuimbiwa na watoto waliotolewa darasani.

Safari kubwa kuliko zote ya kuchangia vijiji vya Kilimanjaro hufanyika kila Desemba, na haina fulana. Mabasi yanatoka Dar es Salaam yamejaa mpaka viti vya katikati, watu wanarudi nyumbani kwa Krismasi. Siku ya pili au ya tatu, chini ya migomba, ukoo unakaa. Daftari linafunguliwa. Barabara ya kwenda kwa babu imeharibika, mtoto wa marehemu fulani amefaulu na hana ada, paa la kanisa linavuja. Kila mtu anataja kiasi chake, kinaandikwa, na mwaka ujao kitasomwa kwa sauti mbele ya wote. Nimeona mtu mzima mwenye cheo mjini akitoka jasho kwa sababu ahadi yake ya mwaka jana imesomwa na bado haijalipwa. Mpokeaji hapigwi picha. Anayetoa anahojiwa.

Ndiyo maana sikubali tunapoambiwa kwamba tukiwabana wageni watakwenda kuchangishia Nepal au Peru. Kilimanjaro haina pacha. Na mgeni wa kweli hakimbii swali la haki, huwa analisubiri. Nimezungumza na wapandaji kadhaa walioshuka, na karibu wote walishtuka walipojua kiasi kilichofika mkononi mwa aliyewabebea. Waliamini kwamba kampuni imelipa kwa sababu wao walilipa kampuni. Ukimya wetu ndio uliowaponza. Tangu 2003 upo mradi wa kusaidia wapagazi wa Kilimanjaro, KPAP, unaowaazima makoti na viatu wasio navyo na kufuatilia namna kampuni zinavyowatendea watu wao, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema hapana mahali pa kuuliza. Kampuni zinazolipa vizuri zipo, na zinaumia kila mara msafara wa hisani unapotafuta bei ya chini kabisa kwa kisingizio kwamba kila dola iliyookolewa ni ya watoto. Dola ile imeokolewa kutoka kwa baba zao.

Ninachodai si kikubwa. Msafara unaotaka kujiita wa hisani uje na orodha. Iwe na jina la kila mgumu, mpishi na msaidizi wa mwongozaji, idadi ya siku, kiasi kilichoahidiwa, kiasi kilicholipwa, na sahihi ya aliyepokea mwenyewe kwa mkono wake. Bahashishi itangazwe kwa kila mtu kiasi chake, mchana, wageni wakiwepo. Orodha hiyo itolewe kwa wachangiaji pamoja na picha ya kilele. Mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika juu, vitabu viliandika majina yao, na Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayekumbukwa kwao kama kijana aliyewaongoza, alisubiri miaka mingi jina lake litajwe. Waliobeba mizigo mpaka leo wengi wao hawajulikani. Kuandika majina thelathini kwenye karatasi hakuhitaji mfadhili.

Baba mdogo hapandi tena, goti limekataa. Siku za mfongo bado anatoka na jembe lake, anakaa penye jiwe la juu na kuelekeza maji. Kijana wake mkubwa amemaliza kidato cha nne, na mwezi uliopita ameanza kwenda getini. Jumamosi msafara mwingine wa fulana unatarajiwa pale Machame. Nitaondoka naye saa kumi alfajiri, na kiongozi wao atakaposhuka kwenye gari nitamsalimu, nitamkaribisha, kisha nitamwomba anionyeshe orodha.